Bimu Imezidiwa? Iongezee Nguvu kwa Kaboni, Hatua kwa Hatua

Jengo lipo, watu wamo ndani, na bimu zimeanza kuonyesha dalili. Pengine vyumba vya kulala vimegeuzwa ghala. Pengine fundi bomba alikata nondo akipitisha mabomba yake. Pengine mwenye jengo anataka kupandisha tangi kubwa la maji juu ya paa. Kubomoa hakuwezekani, na kuinenepesha bimu kwa zege jipya kutakula kimo cha chumba.

Hapo kaboni inakufaa. Unabandika chini ya bimu utepe wa nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa epoksi, nao unabeba mvuto kwa nje kama nondo zinavyoubeba ndani. Utepe wenye upana wa milimita 100 na unene wa milimita 1.2 una uzito wa takriban gramu 190 kwa mita. Kipande cha mita 6 hakifiki kilo moja na nusu. Huhitaji winchi.

Njia hii ina umri. Mwaka 1991, katika daraja la Ibach karibu na Lucerne, Uswisi, mafundi waliokuwa wakitoboa zege ili wafunge taa za kuongozea magari waliharibu kebo ya chuma iliyokuwa ikilibana daraja. Watafiti wa taasisi ya EMPA, wakiwa na Urs Meier, waliliimarisha kwa tepe za kaboni zenye uzito wa kilo 6.2. Kwa mabati ya chuma, kazi hiyohiyo ingehitaji kilo 175.

Kabla hujaagiza vifaa, shika jambo hili: utepe una nguvu nyingi kuliko utakavyoweza kuitumia, kwa sababu kinachoushika ni ngozi ya zege. Ngozi ikibanduka, utepe unabanduka nayo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yako iko kabla ya kufungua mkebe wa gundi.

Jua kwanza bimu inaumwa nini

Anza na mzigo. Uliza jengo lilikusudiwa nini na sasa linatumika vipi. Kwa viwango vya Uingereza vya BS 6399, ambavyo wahandisi wengi wa Afrika Mashariki wamevitumia, sakafu ya nyumba ya kuishi hupigiwa hesabu ya kilonyutoni 1.5 kwa kila mita ya mraba, yaani karibu kilo 150. Ghala la kawaida hupigiwa kilonyutoni 2.4 kwa kila mita moja ya kimo cha bidhaa. Ukipanga mabelo au maboksi hadi mita 2.5, umefika kilonyutoni 6. Hiyo ni mara nne ya mzigo uliokusudiwa.

Kisha soma nyufa. Ufa wima katikati ya bimu, unaoanzia chini, unakwambia bimu inazidiwa na kupinda. Dawa yake ni utepe chini ya tumbo la bimu.

Ufa wa mshazari karibu na nguzo ni habari nzito zaidi. Bimu inataka kukatika pembeni, na bimu ya namna hiyo huweza kuvunjika bila kukupa muda. Weka jeki chini yake leo, kisha ndipo uite mhandisi. Dawa yake ni kitambaa cha kaboni kinachozunguka ubavuni, si utepe wa chini.

Ufa unaokimbia sambamba na nondo, wenye madoa ya kutu, unakwambia nondo inaliwa. Hapo usibandike chochote. Kutu huvimba na kulisukuma zege nje, na itausukuma utepe wako pia. Tibu kutu kwanza.

Chora kila ufa kwenye karatasi, andika upana wake na tarehe. Urudie kuupima baada ya wiki chache. Ufa unaoendelea kupanuka kwa sababu msingi unazama hautibiwi kwa kaboni.

Hakikisha kaboni ndiyo dawa

Kaboni inaongeza nguvu. Haiongezi ugumu sana. Chukua bimu yenye nondo 4 za milimita 16: utepe mmoja wa milimita 100 kwa 1.2 unaongeza kama asilimia 12 tu ya ugumu wa nondo hizo. Kwa hiyo kama tatizo ni sakafu inayobonyea au inayotikisika watu wakipita, tafuta njia nyingine: nguzo ya kati, bimu ya chuma, au zege la nyongeza.

Kataa kaboni pia pale penye joto la kudumu. Epoksi nyingi za kazi hii huanza kulainika kati ya nyuzi joto 60 na 82. Juu ya tanuri la mikate au chumba cha boila, gundi haitakuwa na nguvu uliyolipia.

Chagua kaboni badala ya nyuzi za kioo kwa bimu inayobeba mzigo mzito wa kudumu. Nyuzi za kioo ni rahisi kwa bei, lakini huchoka zikivutwa muda mrefu. Mwongozo wa Taasisi ya Zege ya Marekani, ACI 440.2R, unaruhusu nyuzi za kioo zivutwe kwa kudumu hadi asilimia 20 tu ya nguvu zake. Kaboni inaruhusiwa asilimia 55.

Pima zege kabla ya kupima utepe

Fanya vipimo vinne. Usikubali kazi ianze bila majibu yake.

Cha kwanza ni nyundo. Gonga bimu nzima, chini na pembeni. Palipo pazima panalia kwa ukali. Palipoachana panatoa mlio mzito wa uwazi. Zungushia chaki kila sehemu ya uwazi.

Cha pili ni nguvu ya zege. Kata vipande vya silinda kwa drili ya maabara, mahali ambapo mhandisi ameonyesha na mbali na nondo. Zege likiwa chini ya megapaskali 17, mwongozo wa ACI unakuzuia kubandika.

Cha tatu ni kuvuta ngozi. Safisha sehemu ndogo, gundisha kisahani cha chuma cha kipenyo cha milimita 50, kata zege kukizunguka, kisha kivute kwa mashine hadi king'oke. Unatafuta angalau megapaskali 1.4. Kwa kisahani hicho, ni sawa na kuvuta kwa uzito wa karibu kilo 280. Fanya sehemu kadhaa za kila bimu, maana zege la siku moja halilingani na la siku nyingine.

Cha nne ni hali ya nondo. Vunja kidogo zege hadi ufikie nondo, kisha nyunyizia fenolftaleini kwenye zege jipya lililofunguka. Likigeuka waridi, bado linailinda nondo. Likibaki bila rangi hadi kwenye nondo, ulinzi umekwisha. Kama uko Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Zanzibar, peleka pia unga wa zege maabara wakapime chumvi. Upepo wa bahari na mchanga wa pwani vimeshaharibu nondo za majengo mengi yanayong'aa kwa nje.

Mwachie mhandisi hesabu, lakini muulize maswali matatu

Kazi hii inahitaji mhandisi wa miundo aliyesajiliwa. Tanzania, thibitisha jina lake kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kenya, kwa Bodi ya Wahandisi. Mchoro uwe na saini na muhuri wake. Ukiwa naye mezani, uliza hivi.

Swali la kwanza: utepe ukibanduka au ukiungua, bimu itasimama? ACI 440.2R inataka bimu iweze kubeba yenyewe, bila kaboni, asilimia 110 ya mzigo wa kudumu pamoja na asilimia 75 ya mzigo mpya wa matumizi. Ikishindwa, kaboni peke yake haitoshi. Usiruhusu mtu aruke swali hili. Ndilo linalolinda maisha ya watu walio chini.

Swali la pili: utepe utaachia zege kwa mvuto gani? Utepe wa kawaida unaweza kuhimili megapaskali 2,800 ukivutwa peke yake. Ukibandikwa kwenye zege la megapaskali 25, ukiwa na unene wa milimita 1.2, kanuni ya ACI inakupa karibu megapaskali 760 tu kabla haujabanduka. Ni kama robo. Ndiyo maana hesabu iliyotumia nguvu yote iliyoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji ni hesabu mbovu.

Hapo utapata mbinu ya maana: panua, usirundike. Utepe mmoja hapo juu unabeba karibu kilonyutoni 91, yaani tani 9 hivi. Ukibandika wa pili juu yake, unafika kama 129. Ukiubandika wa pili kando yake, unafika 182. Vifaa ni vilevile, ila kilichobadilika ni eneo la zege linaloshika.

Swali la tatu: baada ya kuimarisha bimu, nani anafuata kuzidiwa? Ukiipa bimu nguvu ya kupinda, inaweza kukatika pembeni. Ukiiimarisha pembeni pia, mzigo unashuka kwenye nguzo na msingi. Fuata njia ya mzigo hadi ardhini.

Weka utepe upande unaovutika

Bimu iliyokaa juu ya nguzo mbili inavutika chini, katikati. Balkoni inavutika juu. Bimu inayopita juu ya nguzo ya kati inavutika juu pale penye nguzo. Kubandika utepe chini ya balkoni hakusaidii kitu.

Juu ya sakafu watu watakanyaga na viti vitaburuzwa. Kwa hiyo zamisha utepe. Kata mfereji kwenye zege linalofunika nondo, jaza epoksi, chomeka utepe mwembamba ukiwa umesimama kwa ubavu wake, kisha sawazisha. Kina cha mfereji kiwe angalau mara 1.5 ya kimo cha utepe, na upana wake angalau mara 3 ya unene wa utepe. Tafuta nondo kwa kifaa cha kuzisoma kabla hujawasha mashine ya kukatia. Zege linalofunika nondo likiwa jembamba, acha njia hii.

Pumzisha bimu

Utepe haubebi mzigo uliokuwepo kabla haujabandikwa. Unabeba unaokuja baadaye. Kwa hiyo ondoa kila kinachoondoka: bidhaa, maji ya tangi, kuta nyepesi, fanicha. Kisha weka jeki chini ya bimu na uinyanyue kidogo kwa kiwango alichoandika mhandisi. Kunyanyua kupita kiasi kunaweza kupasua zege upande wa juu.

Angalia jeki zinakanyaga wapi. Jeki iliyosimama juu ya slabu ya ghorofa ya chini inaihamishia slabu hiyo mzigo wote. Shusha mirunda au jeki ghorofa kwa ghorofa, zikiwa zimepangana wima, hadi kwenye ardhi imara.

Tibu majeraha

Vunja zege lote bovu. Palipo na kutu, chimba hadi nyuma ya nondo, ubakishe nafasi ya kupitisha vidole. Sugua nondo kwa brashi ya chuma au kwa kupuliza mchanga hadi ing'ae. Ikiwa imepungua kipenyo, mwonyeshe mhandisi kabla hujaifunika. Kisha jaza kwa chokaa maalumu ya kurekebishia zege. Usitumie saruji na mchanga uliochanganywa kwa makadirio.

Nyufa zenye upana wa milimita 0.3 na zaidi, zidungwe epoksi nyepesi kwa shinikizo. Bandika vipokeo vidogo juu ya ufa, ziba katikati yake, anza kudunga kipokeo cha chini kabisa. Epoksi ikitokeza kwenye kipokeo kinachofuata, ziba cha kwanza na uhamie hicho.

Chuna ngozi mpaka uone kokoto

Ondoa lipu na rangi zote. Utepe ubandikwe kwenye zege la bimu lenyewe. Hakuna lipu iliyo imara kiasi cha kuachwa.

Kisha piga grinda yenye diski ya almasi, au puliza mchanga. Unataka utando laini wa saruji utoke na kokoto ndogo zianze kuonekana, uso ukiwa na mkwaruzo unaouhisi kwa kidole. Uso laini unaong'aa haujawa tayari.

Pima unyoofu kwa rula ndefu. Lenga mwachano usiozidi milimita 5 chini ya rula ya mita 2. Mabonde yajazwe pati ya epoksi, vilima vikwaruliwe. Utepe unaopita juu ya kilima hujaribu kunyooka kila unapovutwa, na huko ndiko kubanduka kunakoanza.

Pale kitambaa kitakapopinda kwenye pembe ya bimu, iviringe pembe. ACI inataka nusu kipenyo cha angalau milimita 13. Wewe lenga 20. Pembe kali hukata nyuzi.

Mwisho fyonza vumbi kwa mashine. Usioshe kwa maji siku ya kubandika. Ukitumia kompresa, hakikisha haitoi mafuta pamoja na hewa. Pitisha mkono mkavu juu ya zege: ukirudi na vumbi, fyonza tena.

Soma hewa kabla ya kufungua mkebe

Unyevu ndani ya zege uwe chini ya asilimia 4. Unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Na uso wa zege uwe na joto lililozidi kiwango cha umande kwa angalau nyuzi 3.

Pwani, sharti hili la mwisho ndilo linalowaponyoka wengi. Asubuhi yenye nyuzi joto 28 na unyevu wa asilimia 85, umande unaanza kutua kwenye nyuzi 25 na kidogo. Zege lako lapaswa kuwa na zaidi ya nyuzi 28. Zege lililolala na ubaridi wa usiku halijafika hapo, hata kama wewe unatokwa jasho. Subiri saa tatu au saa nne asubuhi, pima tena. Nunua kipimajoto cha uso na kipimaunyevu. Bei yake haifikii gharama ya kung'oa utepe mmoja.

Mvua ikinyesha kwenye kazi ya nje, simama. Funika kwa turubai na uache zege likauke.

Changanya gundi kwa mzani, si kwa macho

Epoksi ina sehemu mbili. Uwiano wake umeandikwa na mtengenezaji, na lazima uufuate kwa mzani. Kuzidisha kigumishi hakuharakishi kazi. Kunaacha gundi dhaifu isiyokomaa kamwe.

Changanya kwa drili ya mwendo wa polepole kwa takriban dakika 3, hadi rangi iwe moja bila michirizi. Mwendo wa kasi huingiza hewa. Kwangua kingo na kitako cha mkebe, mimina kwenye mkebe safi, changanya tena kidogo.

Joto ni adui wa muda wako. Kwa makadirio ya kazini, kila joto linapopanda nyuzi 10, muda wa kuitumia gundi hupungua kwa karibu nusu. Hifadhi mikebe kivulini. Changanya kidogo kidogo. Gundi ikianza kuwa nzito au mkebe ukipata moto, itupe. Usiilainishe kwa thina.

Vaa glavu za naitraili, miwani na mikono mirefu. Epoksi huleta mzio wa ngozi ambao ukishampata fundi unaweza kumfukuza kwenye kazi hii moja kwa moja. Ikikugusa, osha kwa sabuni na maji. Thina huisukuma ndani ya ngozi.

Bandika utepe

Kata utepe kwa diski nyembamba, ukiwa na barakoa. Vumbi la kaboni linapitisha umeme, hivyo usikatie karibu na bodi ya umeme au mashine iliyo wazi. Futa uso wa kubandikia kwa asetoni na kitambaa cheupe. Badilisha kitambaa hadi kitoke bila weusi.

Paka zege gundi ya unene wa milimita 1, ukiikandamiza kwa mwiko iingie kwenye vitundu. Kwenye utepe, paka gundi iliyonyanyuka katikati na kushuka pembeni, kama paa la nyumba. Umbo hilo linasukuma hewa itoke pande zote mbili unapokandamiza.

Nyanyua utepe mkiwa watu wawili au watatu. Uwekeni kwenye mstari wa chaki mliouchora kuonyesha njia yake, kisha pitisheni rola ngumu ya mpira kutoka katikati kwenda ncha. Endelea hadi gundi ijitokeze kingo zote mbili kwa urefu wote. Mahali ambapo haijajitokeza pana hewa. Futa inayozidi na uitupe.

Peleka utepe karibu na nguzo kadiri mchoro unavyoruhusu. Usiukatie katikati ya eneo lenye nyufa. Ncha ndizo zinazoanza kubanduka, kwa hiyo mwombe mhandisi akuwekee kitambaa cha umbo la U kwenye kila ncha, kikizunguka tumbo na mbavu za bimu.

Kaboni isigusane moja kwa moja na nondo au chuma kingine. Vikikutana penye unyevu, chuma huliwa haraka. Acha safu ya epoksi katikati.

Vika bimu kitambaa ubavuni

Kwa nyufa za mshazari, tumia kitambaa cha kaboni kinacholoweshwa epoksi papo hapo. Paka praima, sawazisha kwa pati, paka epoksi ya kulowesha, laza kitambaa, kisha piga rola kufuata nyuzi. Ukipiga rola kwa kwenda na kurudi kinyume cha nyuzi, unazipotosha.

Nyuzi zikae wima kama ringi za nondo zinavyokaa. Zisipinde zaidi ya nyuzi 5 za pembe, yaani kama milimita 80 kwa kila mita. Piga mstari wa timazi kwenye zege kabla hujaanza.

Kuizungusha bimu pande zote nne ndiko kunakoshika vizuri zaidi. Slabu ikikuzuia, zungusha pande tatu, na kwa mzigo mkubwa muulize mhandisi kuhusu nanga za nyuzi zinazochomekwa kwenye zege sehemu ya juu. Kubandika pande mbili tu ndilo chaguo dhaifu kuliko yote. Likubali pale tu ambapo hesabu imelikubali.

Safu ya pili iwekwe wakati ya kwanza bado inanata. Ikiwa imekauka, piga msasa, futa vumbi, ndipo uendelee.

Subiri, gonga, vuta

Panga siku 7 za kukomaa, au muda aliouandika mtengenezaji kwa joto la mahali pako. Jeki zibaki. Usipake rangi, usitoboe, usipitishe mashine inayotetemesha sakafu.

Kisha gonga utepe na kitambaa chote kwa sarafu au nyundo ndogo. Uwazi wowote chini ya utepe, mhandisi auamue. Kwa kitambaa kilicholoweshwa papo hapo, mwongozo wa ACI unasema uwazi mdogo usiofika milimita za mraba 1,300, yaani mraba wa 36 kwa 36, unavumilika ikiwa jumla yake haifiki asilimia 5 ya eneo lote na si zaidi ya 10 kwa mita moja ya mraba. Uwazi unaozidi milimita za mraba 16,000, karibu mraba wa 126 kwa 126, ukatwe na kuwekwa kipande kipya. Ulio katikati ya hapo hudungwa epoksi au kubadilishwa, mhandisi akiamua.

Malizia kwa kuvuta. Wakati wa kubandika utepe, bandika vipande vya ziada kwenye bimu hiyohiyo, siku hiyohiyo, kwa gundi hiyohiyo. Vivute baada ya kukomaa. Jibu zuri ni zege kung'oka. Gundi ikiachana na zege, au utepe ukiachana na gundi, simamisha malipo na utafute sababu.

Funika kazi yako

Jua huharibu epoksi. Utepe wa nje upakwe rangi ya kuzuia miale, aina inayokubaliwa na mtengenezaji wa gundi. Ukitaka kupiga lipu, mwagia mchanga mkavu na safi wa kwatzi kwenye epoksi ya mwisho ikiwa bado mbichi. Bila mchanga huo lipu haitashika.

Kuhusu moto, usijidanganye kwa rangi peke yake. Ulinzi wako mkuu ni jibu la swali la kwanza ulilomuuliza mhandisi. Kama jengo linahitaji utepe wenyewe udumu kwenye moto, itabidi ufunikwe kwa mfumo uliopimwa kwa kazi hiyo.

Kabidhi faili

Andika kila siku: namba ya kundi la gundi na la utepe, joto, unyevu, saa ya kuchanganya, majina ya mafundi, picha za zege kabla ya kufunikwa. Ambatanisha majibu ya vipimo na mchoro wenye muhuri. Mpe mwenye jengo nakala na ubaki na yako.

Bandika kibao kwenye kila bimu iliyoimarishwa: USITOBOE, USIKATE. Fundi umeme au wa dari ajaye hatajua kuwa kitu chembamba chini ya rangi kinabeba tani kadhaa. Andika pia mzigo wa juu unaoruhusiwa kwenye sakafu hiyo, kwa kilo kwa mita ya mraba, mahali ambapo mpangaji ataona. Kisha panga ukaguzi wa kila mwaka: nyundo, macho na tochi.

Unapoomba bei, dai mchanganuo wenye mistari yake: vipimo vya awali, jeki na majukwaa, matibabu ya zege, maandalizi ya uso, utepe na gundi, vipimo vya mwisho, ulinzi. Mkandarasi anayekupa bei ya utepe kwa mita bila vipimo wala maandalizi anakuuzia bidhaa, hakuimarishii bimu. Na ukibakiwa na fedha ya kitu kimoja cha ziada, usinunue utepe mwingine. Nunua vipimo zaidi vya kuvuta ngozi ya zege, maana ndivyo vitakavyokuonyesha kama utepe ulioulipia tayari utafanya kazi.